Gari Lenyewe Lina Sentimita 18

Wolverhampton, Uingereza
Jumapili usiku

Kwa Mjomba mpendwa,

Baridi ipo, lakini hiyo si habari.

Dhumuni la barua hii ni gari.

Nimesikia kwa Mama, aliyesikia kwa shangazi, aliyesikia kwa kinyozi wa pale stendi ya Voi, kwamba nimenunua gari la mashindano. Ni Toyota Celica nyeupe, ina namba ubavuni na taa kubwa kubwa mbele, na inakuja kwa meli mpaka Mombasa. Nimesikia pia kwamba kamati ya paa la kanisa imeshaandika jina langu kwenye safu ya wafadhili wa elfu hamsini. Na kwamba wewe mwenyewe ulisimama kikaoni ukasema sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na hili ni la 1985, labda mpwa wangu awe na mtu wake bandarini. Nakushukuru kwa kunitetea, Mjomba, ingawa nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na bado sijaona ulinitetea wapi.

Kosa ni langu. Ile picha niliyotuma kwenye kundi la familia niliipiga karibu mno. Ningeweka kiberiti kando yake, yote haya yasingezuka. Gari lenyewe lina sentimita 18, kutoka bampa hadi bampa. Ni la plastiki. Linaingia kwenye kisanduku cha viatu na nafasi ya soksi ikabaki.

Tena hilo ni afadhali kuliko lile la kiti. Magari haya huuzwa vipande vipande ndani ya boksi, ukayaunge mwenyewe nyumbani, na boksi zima Waingereza huliita kiti. Nikampigia Mama nikamwambia, bila kufikiri, nimenunua kiti kwa pauni hamsini. Akauliza ni cha mbao gani. Nikasema ni cha plastiki. Akapiga hesabu akaona ni shilingi elfu nane na kitu, bei ya mbuzi mzima tena wa maana, akauliza kwa unyonge kama kina mikono basi. Nikamjibu hakina mikono, kina magurudumu manne. Nikasikia simu imeanguka. Mama alikuwa amefahamu kwamba mwanawe hawezi kutembea tena na ameficha habari hiyo tangu Krismasi. Ilibidi nisimame mbele ya kamera na kuruka kamba ya kufikirika mpaka akaridhika.

Basi acha nikueleze taratibu, wewe ufundi unaujua.

Ndani ya boksi, vipande vimening'inia kwenye fremu ya plastiki kama maembe machanga mtini. Unakata kimoja kimoja kwa koleo dogo, unapiga msasa pale kilipokuwa kimeshika, unakipaka rangi, unakigandisha kwa gundi. Maelezo yake ni picha na mishale. Maneno ni ya Kijapani. Bodi hupulizwa rangi kwa kibomba chembamba kama kalamu, kinachoendeshwa na kompresa yenye sauti ya posho mill, ndiyo sababu jirani yangu haniamkii. Maandishi yote ya mlangoni, namba, majina ya madereva, huja kama ngozi nyembamba ya kuloweka majini. Ikilegea unaitelezesha mahali pake kwa ncha ya brashi huku umeziba pumzi. Nami ninafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Saa tatu asubuhi mikono inatetemeka kwa usingizi. Namba ya mlango wa kushoto wa gari langu imepinda kidogo, na sitaki tuizungumze.

Kipande kikianguka kimeanguka. Chumba changu kina zulia, na wenzangu huku husema kila zulia lina zimwi lake, hula vipande vidogo. Kioo cha pembeni kilidondoka Januari, nikatambaa na tochi siku mbili. Wiki ya tatu nikakikanyaga pekupeku nikiwa naenda kusali, na neno nililotamka halikuwa la sala. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Umeuliza 1/24 ni nini. Ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne: nusu inchi kwa kila futi moja ya gari la kweli. Kwa kipimo hicho Mama ana sentimita sita na nusu. Wajapani na watu wa Ulaya hutengeneza 1/24, Wamarekani wameshikilia 1/25, na kati ya kambi hizi mbili hakuna kuoana. Ukichukua dereva wa 1/25 ukamkalisha kwenye gari la 1/24 anaonekana kijana aliyeiba funguo za baba yake. Nimewahi kuona wazee wawili wakiacha kusalimiana kwa jambo hilo.

Wazee hao ni wa klabu yangu. Tunakutana Jumanne ya pili ya kila mwezi katika chumba cha nyuma cha baa, wanaume kumi na wanne na mama mmoja anayetushinda sote. Nilidhani siku ya kwanza wataniuliza natoka wapi, maana huku ndilo swali la kwanza. Hakuna aliyeuliza. Mmoja alinyanyua gari langu, akaligeuza tumbo juu kama daktari wa mifugo, akasema, "Bomba la moshi umelipaka rangi moja tu." Hiyo ndiyo ilikuwa karibu.

Wana hadithi zao wanazozisimulia kama sisi tunavyosimulia za wazee wa mbari. Kuna ya kampuni ya Tamiya ya kule Shizuoka, Japani. Walipotaka kutoa Porsche 934 ya 1/12 mwaka 1976, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 ya kweli, na vijana wake wakaifungua yote kipande kwa kipande ili waone ilivyo ndani. Klabuni hadithi hiyo husimuliwa kwa sauti ya chini, kofia zimevuliwa. Mimi nilikumbuka ulivyoifungua redio ya babu, naye hakuvua kofia, alivua mshipi.

Kuna na ya Airfix, kampuni ya hapa hapa, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Mhungaria aitwaye Nicholas Kove. Ilianza na vitu vya mpira vya kujazwa hewa, ikaja kutengeneza vitana. Mwaka 1949 wakaombwa watengeneze trekta dogo la Ferguson, wauzaji wa matrekta wapate cha kuwaonyesha wakulima. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa na gharama na usumbufu, ndipo likaanza kuuzwa vipande, mnunuzi ajiungie mwenyewe. Kwa hiyo Mjomba, mchezo huu kwa Airfix ulianzia kwenye trekta, la ukoo ule ule wa Massey Ferguson iliyokuvunja kidole.

Ugonjwa wao mkubwa ni kununua bila kuunga. Fundi bomba mmoja mstaafu, ana miaka 71, ameweka viti mia nne darini na hajakalia hata kimoja. Anaunga viwili kwa mwaka. Nilimfanyia hesabu: anahitaji kufikisha miaka 271. Akafikiri, akasema itabidi aongeze kasi. Mkewe hajui idadi; kila kipya huingia nyumbani ndani ya mfuko wa viazi.

Novemba walinichukua Telford, si mbali na hapa kwa treni. Kila mwaka mwezi huo chama chao kikubwa, IPMS, kilichoanzishwa hapa Uingereza mwaka 1963, hufanya maonyesho yake katika ukumbi wa mikutano wa mji huo. Mjomba, sijui nikueleze vipi. Meza na meza na meza, ndege juu ya ndege, meli, vifaru, halafu tena ndege. Spitfire peke yake zingetosha kuufunika uwanja wa mpira wa Voi, kwa kipimo chake. Magari yako pembeni, kama wajomba wa bibi harusi. Na humo nikagundua ugomvi wa mila. Watu wa vifaru hupaka matope: kifaru kisicho na tope kwao ni mchezo wa watoto. Watu wa magari hawataki hata kuliona vumbi. Hung'arisha bodi mpaka ukiinama unajiona nywele za puani. Gari lenye tope kwenye meza ya magari ni sawa na kuingia arusini na viatu vya shamba.

Mimi nikasema, nitaingia na viatu vya shamba.

Maana nilishanunua ile Celica, na boksi limeandikwa Safari Rally 1985. Unaikumbuka. Juha Kankkunen, Mfini, alikuja Safari kwa mara ya kwanza akashinda, na Björn Waldegård akafuata wa pili kwa Celica kama hiyo hiyo. Waldegård ndiye aliyeshinda 1984 na akashinda tena 1986. Mtu anatengeneza gari la Safari halafu analing'arisha kama limetoka dukani? Nilikumbuka Pasaka tulipokuwa tukisimama kando ya barabara, wewe ukiwa umenibeba mabegani. Gari lenyewe nilikuwa silioni. Naona ukuta wa vumbi jekundu unakuja, nasikia mlio, halafu wewe unasema, "Umeiona?" nami nasema nimeiona, mdomo umejaa mchanga. Tukifika nyumbani Mama alikuwa akitukung'uta kwa fagio kabla hatujaingia.

Nilitaka vumbi lile, si jingine. Duka la huku linauza vumbi, Mjomba, usicheke. Linauza unga wa rangi kwenye vichupa vidogo, kila kichupa na udongo wake: wa Ulaya, wa jangwani, masizi, kutu. Kichupa kimoja ni pauni nne. Nimetazama kuta zote, udongo wa Taita haupo.

Ndipo nikampigia Mama nikasema, nitumie udongo kidogo kwa barua.

Sasa nimeelewa nilivyosikika. Mtu yuko ng'ambo miaka kumi na mmoja, haji kuzika, haji kuoza, halafu usiku wa manane anapiga simu ataka udongo. Tena wa wapi? Mama akauliza. Nami kwa ujinga nikasema, wa njia panda, pale magari yanapokata kona. Njia panda! Nikaongeza kwamba usiwe na majani na auchote ukiwa mkavu. Mama alisema, "Sawa mwanangu," kwa ile sauti anayozungumzia na watu wenye homa.

Nimeambiwa aliuchota kweli, akautia kwenye bahasha, halafu badala ya posta akaupeleka kwa kasisi. Kasisi akaombea bahasha. Halafu akaniombea mimi kwa jina, ibada ya saa nne, kati ya wagonjwa na wasafiri. Ndiyo sababu Jumapili ile nilipokea jumbe kumi na saba za "Mungu ni mwaminifu" kutoka kwa watu ambao wengine nawadai.

Hata hivyo kasisi aliniokoa bila kujua. Klabuni niliambiwa kwamba huku udongo wa nchi za nje hauruhusiwi kuingia, kwa kuogopa vijidudu na magonjwa ya mimea. Ningeletewa barua ya serikali kwa sababu ya kijiko cha vumbi la njia panda.

Lakini udongo nilikuwa nao. Nilikumbuka lile sanduku nililokuja nalo, lile la kahawia, lililofungwa kamba juu ya basi kutoka Voi. Limekaa juu ya kabati miaka yote hii. Nikalishusha, nikapindua mishono ya pembe zake, nikagonga kwa mwiko juu ya gazeti. Ukaanguka. Mwekundu, Mjomba, ule ule unaowapaka ndovu wa Tsavo mpaka mtalii anadhani wamezaliwa hivyo. Kijiko kimoja cha chai na robo. Mke wangu aliingia akanikuta nimepiga magoti, nanusa gazeti. Hakusema neno, akatoka. (Habari hiyo nayo ilifika kwa Mama kabla sijanyanyuka.)

Hapa sasa ndipo penye ufundi. Udongo halisi haupungui mara ishirini na nne kwa kuwa wewe unataka. Chembe ya mchanga ya milimita moja, kando ya gari langu, ni jiwe la karibu sentimita mbili na nusu. Ukimwaga vumbi la kweli vivi hivi, gari linaonekana limeangukiwa na mlima. Nikautwanga kwenye kinu cha kitunguu saumu, nikauchekecha kwa soksi ndefu ya mke wangu, nikautwanga tena, mpaka ukawa laini kuliko poda ya mtoto. Uliobaki ulitosha upande mmoja tu wa gari. Upande wa pili nikaupaka ule wa kichupa, wa Ulaya, wa pauni nne. Nilijiambia nani atajua, gari lenyewe huonekana upande mmoja kwa wakati.

Maonyesho yalikuwa mwezi uliopita, katika ukumbi wa michezo wa shule moja, mji nitauhifadhi. Meza zilipangwa chini ya wavu wa kikapu. Unajaza fomu, unaweka gari lako kwenye kundi lake, unakwenda kunywa chai, maana majaji hawataki kumwona mwenyewe akipumua karibu. Walikuwa watatu, kila mmoja na tochi, na mmoja na kioo chenye mkono mrefu kama cha daktari wa meno, cha kutazama uvungu. Kwanza hutafuta mishono: pale vipande viwili vilipokutana pasionekane mstari. Kisha alama za gundi. Kisha huinama sawa na meza kuona kama magurudumu yote manne yamegusa chini. Langu moja la nyuma lilikuwa limenyanyuka unywele mmoja hivi, gari likasimama kama mbwa anayetafuta mti.

Nilijificha nyuma ya meza ya keki nikawatazama. Walikaa kwenye gari langu dakika nzima, na moyo ukanipanda. Baadaye jaji mkuu, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, aliniita anishauri, maana huku majaji hueleza kama ukitaka. Akasifu kioo cha pembeni (kile cha zimwi). Akasema namba ya mlango imepinda, nikasema naam. Akalizungusha gari.

"Upande huu," akasema, akionyesha ule wa kichupa, "vumbi umelipata barabara. Hili ni vumbi la Afrika hasa."

Akaligeuza.

"Huku umezidisha. Udongo hauwi mwekundu kiasi hiki. Ni kosa la kawaida, watu hupaka Afrika wanavyoiwaza."

Nikamuuliza kwa heshima zote kama amewahi kufika Kenya. Akasema ndiyo, wiki mbili, Diani. Diani, Mjomba! Pale ambapo ukiacha bahari kuna mchanga mweupe kama unga wa sembe, na ukiacha mchanga kuna hoteli.

Nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa nalo ulimini, na sanduku la kahawia ningelileta kama shahidi. Lakini mzee alikuwa amenishikia bega kwa wema wa kweli, akanipa jina la rangi ya kupunguzia wekundu, akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Ungefanya nini? Nilisema asante. Karatasi ninayo.

Nilipata kadi ya pongezi. Iko chini ya shaba, ambayo iko chini ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Jaguar inayong'aa ambayo haijawahi kuona barabara wala haitaiona. Najua unangojea niseme kwamba pembeni niliweka gari la waya, lile la magurudumu ya kopo la Kiwi na usukani wa fimbo, na watoto wa Kizungu wakakimbilia hilo wakaacha mengine yote. Sikuweka. Nilijaribu kulitengeneza, lakini waya wa huku ni ghali, na kumbe nimesahau ulivyokuwa ukikunja ekseli ya mbele.

Kwa hiyo nina maombi machache, Mjomba, na barua hii uisome mwenyewe kabla haijafika kwa kinyozi.

Kamati ya paa waambie gari lipo lakini haliwezi kuuzwa wala kubeba mtu. Nitatuma elfu tano. Wakiandika hamsini kwa bahati mbaya wasinisomee mbele ya watu.

Bahasha ya udongo Mama asiitume. Na asiimwage njia panda, maana sasa imeombewa na sijui taratibu zake.

Na mwisho, lile lako la siku zote, kwamba mwaka ule ulisukuma Celica ilipokwama ukatoka umefunikwa tope mpaka kofiani. Shangazi husema lilikuwa Peugeot la daktari. Mimi nakuamini wewe. Niambie tu: tope lilirukia upande gani zaidi, wa dereva au wa msomaji ramani? Na lilipokauka, lilibaki jekundu au lilipauka? Jibu kabla ya Mei, maana Mei kuna maonyesho mengine, na mzee wa Diani ndiye jaji.

Mpwa wako mtiifu.

Nyongeza: Ekseli ya mbele, nichoree.